Mwongozo kamili: kuchagua nguo za mvua za pikipiki kwa safari ndefu huku Kanda ya Ziwa

Mi kazi yangu ni kufunga na kutengeneza sola, kwa hiyo natembea sana na pikipiki, leo Bunda na Kisorya, kesho kutwa Sengerema na Geita, na mvua haijawahi kunisubiri nimalize kazi. Naandika hii kwa mtu anayesafiri masafa, siyo wa kutoka Nyegezi kwenda Kirumba, humo humo Mwanza mjini, ambaye mvua ikianza anaingia chini ya baraza la duka anangoja ipite.

Aprili moja natoka Bunda, mida ya saa tisa mchana, kufika Lamadi naona upande wa ziwa kumekuwa cheusi kabisa, nikasema ngoja nikaze nitawahi Magu. Sikuwahi. Koti lilikuwa ndani ya begi, begi limefungwa kwenye keria kwa mpira, mpaka nimesimama nimefungua nimelitoa nimevaa nilikuwa nimeshalowa, yaani nikayafungia maji ndani. Nilipokaribia Magu vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa haviitikii, klachi naivuta kwa kiganja kizima, na pale kituo cha mafuta nilishindwa kuzungusha ufunguo nizime, kijana wa pampu ndo akanizimia. Na lile koti lilikuwa jipya. Kitambaa chake kweli hakikupitisha tone, nilikuja kulipima baadaye. Maji yalipita shingoni, kwenye mikono, msambani na kwenye viatu.

Toka siku hiyo nguo ya mvua naichagua kwa kuangalia matundu yake kwanza, kitambaa baadaye. Watu wengi dukani tunashika kitambaa, tunakifinya, tunauliza bei, basi. Na baridi ya kulowa siyo jambo dogo hata huku kwetu kwenye joto, maji yanabeba joto la mwili karibu mara 25 kuliko hewa kavu, sasa weka na upepo wa spidi 70 au 80 juu yake. Ukianza kutetemeka, akili inapungua kasi, unachelewa kushika breki, na lori lililo mbele halijui kama wewe umelowa.

Kwanza jua mvua yako

Huku masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba, na Juni mpaka Agosti ndo kukavu. Mvua ya ziwa mara nyingi inakuja kwa kishindo, upepo kwanza halafu maji mengi kwa muda mfupi, halafu jua linarudi kama hakuna kilichotokea. Maana yake unahitaji kitu kinachovalika haraka na kuvulika haraka, na kisichokuchemsha jua likitoka. Mtu wa nchi ya baridi ambako kunanyesha manyunyu siku nzima atakushauri vingine, na kwake ni sahihi.

Angalia pia njia yako ina pa kujificha au haina. Daraja la Kigongo–Busisi, la njia ya Sengerema, lililofunguliwa Juni 2025 lina kilomita 3 na kitu juu ya maji, hakuna mti hakuna banda, ukishaingia ni mpaka utokee ng'ambo, na upepo unakupiga ubavuni. Zamani tulikuwa tunasubiri kivuko tumesimama, sa hivi unapita umekaa juu ya chombo kinachotembea, kwa hiyo koti linalopepea pale ni hatari tosha. Ndo maana lile koti la poncho, la kuvalia kichwani kama shuka, mi nasema usipande nalo pikipiki kabisa. Upepo unalijaza, linakuvuta, na pindo lake likiingia kwenye cheni au kwenye spoku za nyuma hutapata muda wa kulitoa.

Aina za kitambaa, kwa ufupi

Kuna lile la plastiki nzito, PVC, la njano au kijani, wanalovaa sana wavuvi na watu wa Mwaloni, soko la samaki la Mwanza. Halipitishi maji hata kidogo, bei yake inavumilika, ila jasho nalo halitoki, ukilivaa nusu saa bila mvua unakuwa umelowa kwa ndani. Likikunjwa muda mrefu linapasuka kwenye mikunjo. Kwa mtu anayeanza na hela ni ndogo, hili siyo baya, mi nimelitumia miaka.

La pili ni nailoni au polyester iliyopakwa utando kwa ndani. Jepesi, linakunjika linakuwa dogo kama chupa ya lita moja na nusu. Haya ndo mengi ya madukani, na ndo yanatofautiana sana kwa ubora.

La tatu ni lenye utando maalum katikati, kama Gore-Tex na ndugu zake, ambalo linazuia tone la maji lakini linaachia mvuke wa jasho utoke. Jipya ni ghali. Ila mitumba ya soko la Mlango Mmoja, Mwanza, wakati mwingine inatoa makoti ya hivi ya kupandia milima, unayakuta yamekaa tu kwenye fungu na muuzaji hajui alichonacho. Hapo uwe makini, kwa sababu utando unazeeka hata kama kitambaa cha nje bado kinang'aa. Geuza ndani. Ukiona unga mweupe unapukutika, au ndani kunanata na kuna harufu ya kuchacha, liache hapo hapo, huo utando umekufa na hakuna fundi wa kuurudisha. Halafu chukua kitambaa weka mdomoni puliza kwa nguvu, hewa ikipita kirahisi hata mvua itapita.

Lebo nyingine zina namba za milimita. Hiyo ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla hakijaanza kupitisha, yaani 10,000 ni sawa na kusimamisha mita 10 za maji juu yake. Kwa pikipiki ya masafa tafuta 10,000 na kuendelea. 5,000 inatosha mtu anayetembea kwa miguu, lakini wewe umekalia siti iliyolowa kwa uzito wako wote na mvua inakupiga kwa spidi, hapo msukumo ni mkubwa kuliko unavyodhani.

Kingine, koti la mvua siyo koti la kukukinga ukianguka. Nailoni nyepesi ikiburuzwa kwenye lami inayeyuka na kushika ngozi. Mpangilio wangu ni jaketi lenye pedi za mabega na viwiko ndani, nguo ya mvua juu yake. Wakikuuzia jaketi lenye vyote viwili ni sawa, ila nyingi maji yanazuiwa na utando wa ndani tu, kwa hiyo ganda la nje linalowa, linakuwa zito, na linakupoza mwili hata kama ngozi yako ni kavu.

Matundu: hapa tulia, hapa ndo pesa yako inapotea au inapona

Anza na mishono. Kila sindano ilipopita ni tundu. Geuza nguo ndani nje, unatakiwa uone utepe unaong'aa umebandikwa juu ya kila mshono, siyo mishono mikubwa tu, hadi ya mfukoni na kwenye kofia. Pitisha kucha pembeni ya utepe, ukinyanyuka kirahisi ukiwa bado dukani, baada ya mvua tatu utakuwa unaning'inia.

Zipu ya mbele lazima iwe na kifuniko, na vizuri viwe viwili, kimoja nje kimoja ndani, vikikutana vinatengeneza kama mfereji ambao maji yakiingia yanateremka chini badala ya kuja tumboni. Zipu tupu bila kifuniko, hata muuzaji akiapa, usichukue.

Msambani. Suruali nyingi zinavujia hapa kwa sababu ndipo mishono minne inakutana na ndipo maji ya kwenye tenki yanakimbilia, yanateremka na kufanya dimbwi dogo pale mbele ya siti na wewe umelikalia. Suruali nzuri haina mshono katikati kabisa, imeongezewa kipande kizima cha umbo la almasi. Kama yako ina mishono minne inayokutana, angalia utepe wa pale mara mbili. Na suruali isiwe na zipu ya mbele kama ya jinzi, iwe ya lastiki tu kiunoni, ipande juu mpaka mgongoni ili ukiinama koti lisiachane nayo. Wengine wanapenda ya kipande kimoja, koti na suruali pamoja. Kwa kuzuia maji hiyo ndo bora kuliko zote, shida ni kuivaa pembeni ya barabara huku unaruka mguu mmoja kwenye tope, na ukitaka kujisaidia ni kazi. Mi natumia vipande viwili.

Shingo. Kola iwe ndefu, ifungwe ibane, kwa ndani iwe na kitambaa laini kisichokukata. Sasa hapa kuna kosa ambalo nalikuta kwa watu wengi sana na nililifanya mwenyewe siku ile ya Magu, unavaa kitambaa cha pamba shingoni au sweta lenye kofia halafu kofia inatokeza nje ya koti. Kile kitambaa ni utambi. Kinakunywa mvua huku nje na kinaiteremsha kifuani polepole, na ile kofia ya sweta inajaa maji kama bakuli, ukisimama kwenye tuta yote yanamwagika mgongoni. Chochote cha pamba kiishie ndani ya kola, kisichungulie hata ncha.

Mikono ya koti iwe na lastiki na ile ya kunata ya kukazia. Glavu ziingie ndani ya mkono wa koti, siyo juu yake, kwa sababu kwenye pikipiki hizi zetu za kukaa wima mkono unaelekea chini na maji yanateremka kwenye vidole. Glavu ikiwa juu ya koti inageuka kikombe. Miguu ni hivyo hivyo, suruali juu ya buti, usichomeke suruali kwenye gambuti hata kama inapendeza.

Saizi pima ukiwa umekaa

Nenda dukani na jaketi lako la kila siku, vaa nguo ya mvua juu yake, halafu kaa. Kama pikipiki iko nje muombe muuzaji ukae juu yake, wengi hawakatai. Shika usukani, geuza shingo kushoto na kulia, kunja magoti kama unavyokaa. Mikono ikipanda kuacha vifundo wazi, ongeza saizi. Suruali ikipanda juu ya buti, ongeza saizi. Lakini isiwe kubwa mpaka inapiga makofi kwenye upepo, ndo maana yenye mikanda ya kukazia kwenye mikono ya juu na kwenye miguu ni bora. Mguu wa kulia uangalie zaidi, suruali ikigusa ekzosi inatoboka kwa sekunde, kwa hiyo upate yenye kipande kisichoyeyuka kwa ndani ya mguu, au uukaze vizuri chini.

Rangi: njano ile kali au chungwa kwa mchana, na vipande vya kung'aa mgongoni na mikononi kwa usiku. Koti jeusi kwenye mvua ya saa kumi na mbili jioni, dereva wa basi hakuoni mpaka yupo juu yako. Ukiwa na jeusi tayari, vaa kizibao cha reflekta juu yake.

Jaribu nyumbani kabla ya safari

Hii inachukua robo saa na inakuokoa. Vaa fulana ya kijivu na suruali ya kijivu, ile rangi ambayo tone likigusa linaonekana jeusi. Vaa nguo ya mvua juu, vaa glavu, buti, helmeti, kaa kwenye pikipiki uani, mwambie mtu akumwagie maji kwa mpira au kwa ndoo, dakika 10, kutokea mbele na mapajani zaidi. Usikae tu, geuka, inama, shika breki. Ukivua utaona ramani yote, doa msambani, doa kifuani, ncha za mikono. Dukani hawakubali nguo iliyolowa, kwa hiyo kabla hata hujalipa fanya kipimo kidogo, finyanga sehemu ya kitambaa iwe kama bakuli, mimina maji kidogo ya chupa, subiri dakika tano, pangusa chini yake kwa kidole. Muuzaji anayekataa hicho kipimo mi naondoka.

Mikono

Mikono ndo inayoendesha chombo, kwa hiyo hela ikibaki kidogo iende huku. Glavu za ngozi za kawaida zinalowa zinakuwa kama matambara ya baridi. Za mvua zina utando ndani, ila hakikisha bitana haijitokezi na kidole ukiwa unavua, ikitoka mara moja hutaweza kuirudisha ikiwa na maji. Jaribu ukiwa umezivaa kuvuta klachi, kuwasha indiketa, kubonyeza honi.

Kama huna hela ya hizo, nenda duka la dawa ununue glavu za mpira za hospitali, za nitrile ni imara zaidi, vaa hizo kwanza halafu glavu zako za kawaida juu. Mikono itatoka jasho kidogo, lakini upepo haugusi ngozi iliyolowa na vidole vinabaki na uhai. Mi natembea na jozi nne ndani ya mfuko wa koti muda wote.

Miguu na kichwa

Gambuti ni sawa kabisa kwa mvua, mradi soli iwe na meno ya kina maana kigingi cha kukanyagia kikilowa kinateleza, na liwe refu kufika chini kidogo ya goti. Haliwezi kukulinda kifundo ukianguka, hilo lijue. Buti za pikipiki zenye utando ndizo bora kama mfuko unaruhusu. Vile vifuniko vya plastiki vya kuvalisha juu ya viatu vinachanika mapema kwenye kanyagio la gia.

Helmeti iwe ya kufunika uso mzima. Ya wazi kwenye mvua ya spidi 70 unapigwa usoni kama changarawe, unafumba jicho moja unaendesha na moja. Kioo kiwe cheupe, cheusi kiache nyumbani, na kikishakwaruzwa badilisha, kwa sababu usiku taa za lori zikigonga ile mikwaruzo yenye maji unaona mwanga mtupu, barabara huioni. Ukungu wa ndani unazuilika, kuna kioo cha pili kinachobandikwa ndani kinaitwa Pinlock, kama helmeti yako ina vishikizo vyake. Isipokuwa navyo, tone moja la sabuni ya vyombo, paka kwa ndani kwa kitambaa laini, acha likauke, futa mpaka kionekane safi. Linadumu safari moja, mbili. Abiria wako naye helmeti, na koti la mvua pia, maana ukimbeba mtu anayetetemeka chombo chote kinatikisika.

Mzigo na mpangilio

Nguo ya mvua ikae juu kabisa au kwenye begi lake dogo la peke yake, sehemu unayofikia bila kufungua mpira wa mzigo. Nguo za kubadilisha, chaja, vitambulisho na karatasi za kazi ziingie kwenye begi la kuzuia maji lile la kukunja mdomo mara tatu, au kwenye nailoni nene ndani ya begi la kawaida. Simu usiiweke kwenye mfuko wa nje hata ukiwa na zipu.

Vaa mapema. Ukiona upepo umebadilika, umekuwa wa baridi ghafla na vumbi linainuka, simama, vaa suruali kwanza, halafu buti, koti, helmeti, glavu mwisho. Ukingoja matone umechelewa. Na mvua inapoanza tu, dakika zile za kwanza lami inateleza kuliko baadaye, kwa sababu vumbi na mafuta vinaelea kabla havijaoshwa, kwa hiyo kwenye mizunguko ya Buhongwa au Igoma, ukiingia Mwanza, shuka taratibu, breki zote mbili kwa upole, na acha nafasi mara mbili. Tairi lililokwisha halisaidiwi na koti la bei yoyote.

Radi hakuna nguo inayozuia. Ziwa letu ni moja ya sehemu zenye radi nyingi duniani, ikianza kupiga karibu shuka, ingia ndani ya nyumba au gari, usisimame chini ya mti wala pembeni ya pikipiki yako.

Ukifika

Usiikunje ikiwa imelowa. Ining'inize kivulini penye upepo, jua kali na moto vinaua utepe wa mishono. Ikiwa na tope isuuze kwa maji na sabuni laini kidogo, brashi ngumu hapana, na yale maji ya kulainisha na kunukisha nguo usiyaguse, yanaziba utando na kuondoa ule uwezo wa kufanya maji yateleze juu. Buti zijaze magazeti, badilisha yakilowa. Utepe ukianza kunyanyuka ubandike tena kwa gundi ya kitambaa mapema, kabla uchafu haujaingia chini yake.

Mi koti langu nalipima kila Oktoba mwanzoni kabla vuli haijachanganya, kwa ile fulana ya kijivu na ndoo. Safari hii doa lilikuwa bega la kulia, pale mkanda wa begi la vifaa unaposugua, utando umeisha kipande cha upana wa vidole viwili. Begi nimelihamishia kwenye keria, na pale begani nimebandika kiraka kwa ndani. Wiki ijayo naenda Kisorya, nitaona kama kinashika.